Siku Tuliyomzuia Mama Hyera Asiende Kazini

Juzi kijana mmoja, mpima asasi kama nilivyokuwa mimi, alipita hapa kwangu Mjimwema. Akakaa kibarazani na kompyuta yake mapajani, akaniambia, "Bibi, siku hizi tunawatumia maswali kwenye simu, wanajibu, mashine inatoa alama yenyewe." Nikamwambia vizuri sana, kunywa togwa. Alipoondoka nikabaki nacheka peke yangu, halafu kicheko kikaisha na nikajikuta nina huzuni. Ndiyo maana nimeshika kalamu. Haya ni yenu ninyi mnaokwenda vijijini kutazama kama asasi za watu zina afya au hazina, na msitegemee niende kwa mpangilio. Kichwa changu sasa kinaanzia pale kinapotaka chenyewe.

Kazi yangu ilikuwa kufundisha washauri. Si washauri wa ndoa, jamani. Shangazi yangu mpaka anaingia kaburini aliamini hivyo, na kila mwezi alikuwa ananiletea mtu na mkewe waliogombana niwapatanishe. Mimi nilifundisha washauri wa asasi. Miaka ile biashara ilipofunguliwa, ushirika ukalegea, ruzuku ya mbolea ikaondoka, na watu wakaambiwa wajiunge wajisaidie wenyewe. Wakajiunga kweli. Asasi ziliota kama uyoga. Kila mwenye muhuri na kabati alikuwa katibu mkuu. Wafadhili nao wakataka kujua ipi ina uhai na ipi ni ubao tu wa barabarani, wakahitaji watu wa kwenda kuangalia. Hao watu ndio niliowafundisha hapa Songea, kwenye ukumbi wa kukodi nyuma ya soko, wenye bati ambalo mvua ikinyesha somo linakufa hapohapo na tunabaki tunatazamana.

Aliyenivuta kwenye kazi hii ni Mzee Luambano. Alikuwa mkubwa wangu ushirika, tukapunguzwa kazini pamoja, yeye akiwa na kofia yake ya pama ambayo hakuivua hata ndani ya nyumba za watu. Mfupi, mkali, na alikuwa na dharau kubwa kwa mtu anayeuliza swali huku anatazama karatasi. Somo lake la kwanza halikuwa kwenye kitabu chochote. Lilikuwa meza kuu.

Meza kuu mnaijua. Unafika kijijini kupima asasi, unakuta meza mbili zimeunganishwa, zimetandikwa kitambaa cha kufuma, maua ya plastiki katikati, soda zimepangwa, na viti vyenye mito vimetolewa nyumbani kwa mwalimu mkuu. Wanachama wamekaa mbele yako kwenye mabenchi, wameoga, wanakutazama. Ukishakaa pale, mwanangu, kazi yako imeisha. Wewe sasa ni mgeni rasmi, na mgeni rasmi husomewa risala. Haambiwi kitu kingine chochote mpaka anapanda gari.

"Mgonjwa hawezi kukwambia anaumwa wapi mbele ya wakwe zake," alikuwa anasema Mzee Luambano. "Ukikaa meza kuu, wewe ni mkwe."

Na kuikataa meza kuu ni kazi, maana watu wamehangaika tangu alfajiri kwa ajili yako, huwezi kuwaambia ondoeni. Yeye alikuwa na ujanja wake. Akifika anashika kiuno, anakunja uso, anasema, "Ndugu zangu, daktari amenikataza viti vyenye mito. Mgongo huu unataka benchi." Anaenda kujibanza katikati ya akina bibi kwenye benchi la nyuma. Uongo mtupu; mgongo wake ulikuwa mzima kuliko wangu. Halafu anauliza kama kuna mahindi ya kupukuchua. Vijiji vyetu havikosi mahindi ya kupukuchua. Linaletwa gunia, watu wanalizunguka, na baada ya muda maneno yanaanza kutoka, kwa sababu mtu anayepukuchua anatazama gunzi lake, hakutazami wewe.

Siku moja nilikwenda naye njia ya Tunduru kupima asasi ya wafuga nyuki. Risala ilikuwa nzuri sana, imesomwa na katibu mwenye sauti ya redio. Mzee Luambano akasema asante, sasa twende tukaone mizinga. Nikaona nyuso zimebadilika. Tukaongozana hadi porini, na mzinga wa kwanza ulipoanza kunguruma, mwenyekiti, katibu na mhazini walitimua mbio kuturudia sisi wageni, katibu akiwa wa kwanza. Waliobaki pale mzingani ni wazee wawili ambao hata kwenye picha ya uongozi hawakuwemo. Mzee Luambano hakuwacheka. Alivua kofia, mara moja tu niliyowahi kumwona akiivua, akawasalimia wale wazee wawili upya, kama ndiyo kwanza tumefika.

Basi nilipoanza kufundisha mwenyewe, nilifundisha hivyo. Kile chombo cha kupimia kilichotoka kwa wafadhili kilikuwa na maneno makubwamakubwa, na alama za moja hadi kumi. Nikaona nitawapoteza watu. Nikakigeuza kiwe mahindi. Asasi ama imechipua, ama imesongwa na magugu, ama imebeba, ama imekomaa. Songea hii hata mwalimu, hata karani, ana shamba lake. Anajua mahindi yenye njaa yanakuwa na rangi gani. Wafadhili walinung'unika kidogo kisha wakanyamaza.

Katika darasa moja nililolipenda kupita yote nilikuwa na watu wawili ambao habari zao nitawasimulia. Mmoja ni Festo, kijana wa hapahapa mjini aliyerudi na digrii kutoka Dar es Salaam na tai ambayo aliifunga hata siku za jua kali. Mtu mwepesi, mcheshi, anajibu kabla swali halijaisha. Wa pili ni Zuhura, binti wa wakulima wa korosho wa Tunduru. Huyu alichelewa kuanza kozi kwa sababu basi lao lilikwama njiani wakati wa masika, wakalala porini. Aliingia ukumbini gauni limeganda tope hadi magotini, akapiga goti mlangoni kunisalimia, kisha akaomba aoneshwe mahali pa kuswalia. Festo akamwambia, "Dada, umekuja na shamba lote?" Akamjibu kwa upole kwamba shamba limebaki, amechukua la kuonja tu. Darasa likacheka na Festo akanyamaza, jambo ambalo halikutokea tena kozi nzima.

Mwisho wa kozi kulikuwa na mafunzo kwa vitendo. Wanafunzi wanapelekwa kwenye asasi ya kweli, wanaipima kwa siku chache, kisha wanatoa mrejesho mbele ya wanachama. Nikawapeleka hawa kwa Mama Hyera.

Mama Hyera alikuwa rafiki yangu. Tuliimba kwaya pamoja tukiwa wasichana, yeye sauti ya kwanza na mimi nikijificha nyuma yake. Alikuwa muuguzi, alipostaafu akarudi kijijini kwao, njia ya kwenda Hanga, akaanzisha kikundi cha wanawake wa kuhudumia wagonjwa majumbani. Zilikuwa zile siku ambazo ugonjwa ule ulikuwa umeingia kila ukoo na hakuna aliyethubutu kuutaja jina. Watu walikuwa wamelala ndani ya nyumba zao na ndugu wanaogopa hata kuwagusa. Wanawake wa Mama Hyera waliwaogesha, waliwasafisha vidonda, waliwapelekea uji, waliwachotea maji. Nani aende kwa nani, na dawa ipi, na chakula kiasi gani, vyote vilikuwa kichwani mwa Mama Hyera.

Na Mama Hyera alikuwa anaumwa moyo. Nataka mlijue hili mapema, kwa sababu ndilo lililotupeleka pale. Daktari wa hospitali ya misheni alimwambia apumzike, akaniambia na mimi kwa kuwa nilimsindikiza, na Mama Hyera akafunga mdomo wake hakumwambia mtu mwingine. Siku ambayo angeanguka, wagonjwa wa vijiji vyote vile wangebaki wamelala wanamsubiri. Nilikuwa nimemweleza hivyo mara nyingi, kama rafiki. Alikuwa ananiambia, "Dada, leta kuni, acha hotuba." Nikaona labda wanafunzi wangu wataweza nilichoshindwa.

Siku ya kwanza walishindwa vibaya. Nilikuwa nimefundisha habari ya meza kuu wiki nzima, na tulipofika tu, Festo akaiona, akanyoosha tai yake, akaenda kukaa. Wenzake wakamfuata. Zuhura peke yake alisimama kando, hajui afanye nini. Risala ikasomwa. Kisha Festo akataja kipengele kimoja kimoja, uongozi, mipango, ushirikishwaji, akaomba wanachama wanyooshe mikono. Mama Hyera alikuwa amekaa palepale mbele, mikono kifuani. Kila walipoulizwa wanachama walimtazama yeye kwanza, kisha mikono yote ikapanda. Imekomaa. Imekomaa. Kila kitu kilikuwa kimekomaa.

"Mama, asasi hii haina tatizo," Festo akaniambia tukitembea kuelekea nyumba ya kulala wageni. "Nadhani tungetafuta ngumu kidogo kwa ajili ya mtihani."

Zuhura alikuwa nyuma yetu. "Mama, naomba niulize. Ule ubao pale nje una jina refu la asasi. Mbona tulipokuwa tunauliza njia, watu wote walisema 'kwa Mama Hyera'?"

Nilimwambia tu kesho yeye ndiye ataongoza.

Kesho yake meza kuu ilikuwa bado ipo na Zuhura akaipita moja kwa moja, akauliza mahindi yako wapi. Tukakaa chini nyuma ya ofisi, wote, tukapukuchua. Aliwapa wanachama kila mmoja punje ya hindi na punje ya haragwe, wakawa wanakwenda mmoja mmoja nyuma ya pazia kutumbukiza kwenye chungu. Swali lilikuwa moja: asasi imekomaa? Hindi ni ndiyo, haragwe ni hapana. Nikafikiri sasa tutaona. Chungu kilipomiminwa, yalikuwa mahindi matupu. Festo akanitazama akiwa na ushindi usoni. Lakini mimi nilielewa kitu, na nadhani Zuhura naye alielewa wakati uleule. Wale wanawake hawakuwa wanaogopa, wala hawakuwa wanadanganya. Walikuwa wanampenda. Na kwa ugonjwa wa namna hiyo, chombo changu cha mahindi hakikuwa na alama.

Zuhura akaendelea kupukuchua kimya. Halafu akamuuliza Sabina, makamu wa Mama Hyera, mama mpole mwenye mikono mikubwa ya mkulima, "Dada, mama akisafiri, nani anapanga nani aende kwa mgonjwa gani?"

"Tunamsubiri arudi," Sabina akasema.

"Na wagonjwa?"

"Nao wanamsubiri."

Alisema hivyo bila aibu yoyote, kama mtu anayesema jua linachomoza kule. Na wenzake wakaitikia. Mama Hyera alikuwa amekaa upande wa pili wa gunia; niliona gunzi limesimama mkononi mwake.

Zuhura akaweka gunzi lake chini. Akajifuta mikono, akazunguka lile gunia, akapiga goti mbele ya Mama Hyera kwa ile adabu ya kwao. "Mama, nina ombi. Kesho naomba usije."

Festo akakohoa. Kwetu huku mtu mzima haambiwi hivyo na mtoto, tena mgeni, tena mbele za watu wake.

"Wewe mtoto," Mama Hyera akasema taratibu, "umepanda basi kutoka Tunduru kuja kunifukuza kwenye asasi yangu?"

"Hapana mama. Siku moja tu. Ukae nyumbani, na sisi tukae hapa tutazame. Tusipotazama hivyo, nitakachoandika ni uongo, na mama aliyetufundisha ameketi pale ananisikia."

Mama Hyera akageuza macho kwangu. Mimi ningeweza kuingilia, na wote walikuwa wananisubiri niingilie. Nikasema, "Nitakuja kukaa na wewe. Nitaleta dagaa wa Nyasa." Akacheka kwa mdomo tu, macho hayakucheka. Akasimama, akakung'uta kanga yake.

"Haya. Kesho siji," akawaambia wote. "Mtanitafuta wenyewe."

Nyumba yake ilikuwa kando ya barabara, mtu akitoka ofisini kwenda kwa wagonjwa walio wengi lazima aipite. Nilipofika asubuhi na dagaa wangu nilimkuta amevaa nguo za kazi, viatu miguuni, kanga begani. Amekaa kwenye kigoda anachambua maharage ambayo yalikuwa yameshachambuliwa. Nikakaa, tukachambua tena. Kila sauti ya barabarani ikipita alikuwa ananyanyua kichwa.

"Saa tatu mtu atakuja," akasema.

Saa tatu haikuja na mtu. Kumbe ofisini, haya nilisimuliwa baadaye, walikuwa wamekaa wanatazama lango. Sabina alifagia uwanja, akarudia kuufagia. Mama mmoja akasema basi aende mara moja tu, amsalimie mama, arudi. Na hapa nampa Festo haki yake. Yeye aliyekaa meza kuu juzi ndiye aliyekwenda kusimama langoni, akavua tai, akasema, "Mama zangu, wa kusalimia asalimie jioni." Walimnunia, lakini walikaa. Muda ulikwenda. Kisha binti wa Mzee Tembo, mgonjwa aliyekuwa na kidonda kibaya mguuni, akafika anahema. Kidonda kimetoa harufu, baba yake analia, mbona leo hawajaja? Wanawake wote wakamgeukia Sabina. Sabina akageuka kutazama nyuma yake, kana kwamba kuna mwingine. Nyuma yake kulikuwa na ukuta.

Zuhura aliniambia kwamba dakika ile alitaka kuinuka yeye mwenyewe abebe beseni. Alikalia mikono yake.

Kule nyumbani mimi nilikuwa nimechoka na ule ukimya. Nikamuuliza Mama Hyera, "Unaogopa watashindwa?"

"Wakishindwa mbona rahisi? Nakwenda natengeneza. Kazi hiyo ninaijua." Akaokota punje moja ya haragwe, akaitazama, akairudisha kwenye ungo. "Mimi naogopa waweze."

Akaendelea kuchambua.

"Mume wangu amelala pale nyuma ya nyumba. Watoto wako Mbeya, wanaandika Krismasi. Hawa wakiweza bila mimi, mimi ni nani, dada? Ni kizee tu chenye miguu mibovu kinachopalilia maharage. Leo asubuhi nimevaa viatu hivi nikasema, Mungu wangu, nisaidie wasiweze. Wagonjwa wako kule wanaoza, na mimi nimeomba hivyo."

Nimefundisha watu wengi namna ya kutoa mrejesho, namna ya kuanza na jambo jema, namna ya kushusha sauti, na siku ile jikoni kwa rafiki yangu niliinuka nikakoroga mboga ambayo haikuhitaji kukorogwa.

Jua lilipokuwa limepanda sana tukasikia miguu na maongezi. Wanawake walikuwa wanakuja na makapu, mabeseni, vitambaa. Sabina yuko mbele, anatembea haraka. Mama Hyera akasimama mlangoni, akashika mwimo.

"Shikamoo mama," wakasema, huku wanapita.

"Marahaba. Mnakwenda wapi?"

"Kwa wagonjwa, mama."

"Sabina, ile dawa ya Mzee Tembo—"

"Tunayo, mama. Ndiyo tunatoka kwake, sasa tunakwenda kwa wengine."

Wakapita. Hawakusimama, hawakuomba ushauri, mmoja tu wa nyuma alipunga mkono. Mama Hyera alibaki mlangoni mpaka wakapotea kwenye kona ya migomba. Aliporudi ndani alivua viatu, na ndipo nilipoona miguu yake ilivyovimba, mikanda ya viatu imechora mistari kwenye nyama. Akakaa chini sakafuni akalia. Alilia kwa sauti, bila kujificha, kama tulivyolia tukiwa watoto. "Hawakuniuliza hata kitu kimoja," akasema. Nikaleta karai, nikamwekea maji ya moto na chumvi, nikaitia miguu yake humo, nikakaa naye. Baadaye akala ugali na dagaa, akaongeza, kisha akalala. Ulikuwa mchana mweupe na hakuwa amelala mchana tangu astaafu.

Siku ya mrejesho nilikuwa na wasiwasi zaidi ya wanafunzi. Kitabu kinasema mwambie wazi: asasi yenu inamtegemea mtu mmoja. Zuhura hakusema hivyo. Alisimama katikati ya mabenchi, akasema, "Juzi wagonjwa wote walifikiwa, Alhamdulillah. Mzee Tembo peke yake alichelewa kufungwa kidonda, na alichelewa kwa sababu tulikaa tunasubiri. Kwa hiyo sina alama za kuwapa leo. Nina swali. Mama akiwa hayupo, nani hatasubiri?"

Macho yote yakakimbilia kwa Mama Hyera. Yeye akainamisha kichwa, akatazama kucha zake, akakataa kabisa kutazamwa. Nafikiri hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote alizowahi kufanya. Na taratibu, kule nyuma, mkono mkubwa wa Sabina ukapanda.

Wakakubaliana siku moja kila wiki Mama Hyera akae nyumbani. Zikawa mbili. Nilipokuwa ninakwenda kumtembelea nilimkuta na bustani, na hasira kidogo, na vifaranga. Alinilaumu kwa kumletea yule mtoto wa Tunduru, halafu kila barua aliyoniandikia ilimalizia na salamu kwa Zuhura. Zuhura alifaulu, akaenda kupima asasi za kwao na kufundisha wengine. Festo naye alifaulu. Mpaka leo akiniona sokoni ananiambia, "Mama, mgongo wangu unataka benchi," na tunacheka watu wanatushangaa.

Moyo wa Mama Hyera ulisimama masika yaliyofuata, akiwa anawapa kuku mtama. Nililetewa habari na dereva wa lori. Tulimzika Jumamosi, kando ya mumewe, mvua ikinyesha. Kwaya iliimba na mimi nilijaribu kuimba sauti ya kwanza kwa ajili yake, nikashindwa.

Jumatatu asubuhi tulikuwa bado kwenye matanga. Wanawake tumelala mkekani, moto unafuka, watu wanaendelea kuingia kutoa pole. Mnajua kwetu: matanga hayajaanuliwa, hakuna anayekwenda shambani, hakuna anayeshika kazi. Nikamwona Sabina anainuka. Akafunga kanga yake kiunoni, akaenda nyuma ya nyumba, na wenzake mmoja mmoja wakainuka wakamfuata. Walirudi na makapu.

Shemeji wa marehemu, mzee mwenye heshima zake, akasimama akawazibia njia. "Mama yenu hata udongo wake haujakauka," akasema. "Matanga hatujaanua, na ninyi mnabeba makapu. Hamna uchungu?"

Macho ya Sabina yalikuwa yamevimba hata hayafunguki vizuri. "Uchungu tunao, baba. Lakini wagonjwa hawajaoga tangu Ijumaa."

Yule mzee akasogea akawapisha.

Mimi nilikuwa nimekaa mkekani na, niwaambie kweli, nilipandwa na hasira. Nilitaka wakae. Nilitaka kijiji kizima kisimame, mtu asichote maji, moto uzime, ili ijulikane nani ameondoka. Niliwatazama wakishuka barabarani, wanagawana njia bila kuulizana, wawili huku, watatu kule, na ndipo kilio ambacho hakikunitoka kaburini kikanitoka. Zuhura alikuwa amefika kutoka Tunduru usiku wa jana yake. Akaja kunishika bega, akauliza kama aniletee maji. Nikamwambia aninyanyue. Tukatoka pamoja, tukawakimbilia kwa mwendo wangu huu wa kizee, na Sabina alipotuona akanikabidhi kapu moja, akatuonesha nyumba ya kwenda.